Jina la Mume, Mkono wa Mke

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walituhimiza kuyaandika yale tuliyo nayo yasije yakatuponyoka. Yamkini hawakufikiria kwamba ingefika siku ambapo maandishi yenyewe yangekuwa ndiyo mali, tena mali yenye kushindaniwa na matajiri. Mwaka wa 1990, huko Marekani, kipande cha karatasi kilichokatwa kutoka katika hati ya kisheria kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 23,000. Juu ya karatasi hiyo hapakuwa na shairi, wala siri ya serikali, wala ahadi ya kulipa deni. Palikuwa na jina tu: Joe Jackson. Liliandikwa na mchezaji wa besiboli ambaye hakujua kusoma wala kuandika.

Silileti jambo hili mbele ya msomaji kwa sababu ya mapenzi ya besiboli, mchezo ambao hapa kwetu haujashika mizizi kama kandanda au riadha. Ninalileta kwa sababu nyuma ya kipande hicho pana swali linalotuhusu sote tulio na barua za wazazi wetu sandukuni na hati za mashamba kabatini. Swali lenyewe ni hili: karatasi ikiwa na jina la mtu fulani, tutajuaje ni nani aliyeishika kalamu? Na tukishamjua aliyeishika kalamu, je, tumemjua mwenye maneno?

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Joe Jackson alizaliwa mwaka wa 1887 katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, katika familia ya watu hohehahe. Akiwa angali mtoto mdogo alitiwa katika kazi ya kiwanda cha nguo mjini Greenville, na kwa hivyo darasa lake likawa ni kelele za mashine na vumbi la pamba. Shule hakuipata. Alichokipata ni gongo. Katika besiboli mrushaji hurusha mpira kwa nguvu na hila, naye mpigaji husimama na gongo lake akijaribu kuupiga kabla haujampita. Jackson aliupiga kwa namna ambayo waliomwona waliisimulia hadi uzeeni mwao. Mwaka wa 1911, akiichezea klabu ya Cleveland, wastani wake ulikuwa .408, na kwa maisha yake yote ya uchezaji wastani huo ni .356. Maana yake ni kwamba katika kila majaribio 1,000 alifaulu mara 356, na katika mchezo huo mtu akifaulu mara 300 huhesabiwa kuwa hodari. Alibandikwa jina la "Shoeless Joe", yaani Joe asiye na viatu, kwa kuwa ujanani, kama alivyosimulia mwenyewe, viatu vipya vilimtoa malengelenge, akavivua na kucheza kwa soksi.

Mnamo mwaka wa 1908 alimwoa Katie Wynn. Katie alijua kusoma na kuandika, naye akawa macho na mkono wa mumewe. Barua za mashabiki alizisoma yeye. Mashabiki walipoomba sahihi, yeye ndiye aliyetia jina la Joe. Barua zilizotoka nyumbani mwao kwenda kwa wakubwa wa klabu, zikiwa na jina la Joe mwishoni, ziliandikwa na Katie. Joe mwenyewe alijifunza jambo moja tu katika uandishi: kulichora jina lake kwa kufuata kielelezo alichoandikiwa na mkewe. Nasema kulichora kwa makusudi, kwani aandikaye huunganisha sauti na herufi, ilhali achoraye hunakili umbo alilolikariri, kama fundi anayenakshi mlango kwa maandishi ya lugha asiyoijua.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Sahihi nyingi za Joe Jackson zilizosalia, zile zilizotumwa kwa posta kwa mashabiki, ni za mkono wa Katie. Zile za mkono wa Joe mwenyewe ni chache mno, na aghalabu hupatikana katika hati ambazo sheria ilimlazimu kuzitia sahihi yeye binafsi: mikataba, hati za mali, wosia. Katika soko la vitu vya kale uchache huzaa thamani, na thamani huwazaa walaghai. Ndiyo maana wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuitazama karatasi na kuamua ni mkono gani uliopita juu yake.

Kazi yao si ramli. Misingi yake iliwekwa wazi na Mmarekani Albert Osborn katika kitabu chake kilichotolewa mwaka wa 1910, na mengi aliyoyafunza yangali yanafuatwa. Mtaalamu hutazama mwinamo wa herufi, uwiano kati ya herufi ndefu na fupi, nafasi baina ya maneno, jinsi mstari unavyoanza na unavyoisha, na mahali ambapo kalamu iliinuliwa kisha ikarudishwa. Hutazama mbio za mkono. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe huwa hafikirii. Mkono huteleza, na ncha za herufi huishia kwa wepesi kama mkia wa mjusi. Anayeghushi hufikiri katika kila pindo. Mkono wake huenda polepole, husita, hutetemeka, hukoma mahali pasipostahili. Kadhalika, hakuna binadamu anayetia sahihi mbili zilizo sawa kabisa. Ukikuta sahihi mbili zinazolingana kila nukta, ujue kwamba moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine.

Sasa mtazame Joe Jackson katika kioo hicho, uone jinsi mambo yanavyopinduka juu chini. Sahihi yenye kuteleza, iliyoandikwa kwa mkono mwepesi uliozoea kalamu, haiwezi kuwa yake. Hiyo ni ya Katie, au ni ya mlaghai asiyejua historia. Sahihi yenye kusitasita, yenye herufi zilizochorwa moja moja kwa jasho, ile ambayo kwa mtu mwingine yeyote ingemfanya mtaalamu akunje uso na kusema imeghushiwa, hiyo ndiyo yenye dalili za kuwa ya kweli. Katika mtu huyu ulegevu wa mkono umekuwa cheti cha ukweli. Na papo hapo hatari huzidi, kwa maana mchoro wa mtu asiyejua kuandika ni rahisi kuigwa na mlaghai ambaye naye anachora.

Kwa sababu hiyo jicho peke yake halitoshi. Mtaalamu huiuliza karatasi umri wake na huuliza wino historia yake. Kalamu za biro zilianza kuuzwa madukani nchini Marekani mwezi wa Oktoba mwaka wa 1945. Kwa hivyo sahihi ya biro iliyo juu ya kitu kinachodaiwa kutiwa sahihi mwaka wa 1920 imejihukumu yenyewe. Hata mpira wa besiboli husema. Mipira rasmi ya ligi kuu ilipigwa chapa ya jina la rais wa ligi. Warren Giles alikuwa rais wa Ligi ya Taifa kuanzia mwaka wa 1951, naye Babe Ruth, mchezaji mashuhuri kuliko wote, aliaga dunia mwaka wa 1948. Mpira wenye chapa ya Giles na sahihi ya Ruth ungehitaji marehemu afufuke na kuomba kalamu. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi hukatizwa na tarehe.

Lakini kigezo kikubwa kuliko vyote ni ulinganisho, na humo ndimo mna mtego. Ili uujue mkono wa mtu, sharti uwe na maandishi mengine ambayo una hakika ni yake. Je, hakika hiyo imetoka wapi? Mwaka wa 1983 jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilitangaza kwamba limepata shajara za siri za Adolf Hitler. Wataalamu wa mwandiko walizilinganisha na maandishi mengine ya Hitler, wakakubali kwamba mkono ni mmoja. Kweli mkono ulikuwa mmoja! Baadhi ya yale maandishi waliyopewa kama kielelezo yalikuwa yametungwa na mghushi yule yule aliyetunga shajara, Konrad Kujau. Yaliyofichua ulaghai huo ni karatasi na vifaa vyenyewe, ambavyo vilionyesha kemikali zilizoanza kutumika baada ya vita. Ndiyo kusema, ukipima kwa kibaba kibovu, utajaza gunia na bado usijue una kiasi gani.

Kwa Joe Jackson kibaba kizuri kipo, nacho ni zile hati za kisheria. Karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, ikahifadhiwa na ofisi ya umma tangu siku hiyo, haikupitia mikono ya wachuuzi. Na kwa Katie vipo vielelezo vingi zaidi, kwani aliandika barua za nyumba nzima. Mtu akiletewa barua yenye jina la Joe, huiweka kando ya maandishi ya Katie na kutazama umbo la herufi kubwa, kiungo baina ya herufi mbili, na namna jina linavyokaa juu ya mstari. Mara nyingi jibu huja bila taabu: hii ni ya bibi.

Msomaji huenda akasema kwamba haya ni mambo ya watu wenye fedha wasizojua pa kuzitupa. Sikubaliani. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1999 wapelelezi wa FBI, katika msako walioupa jina la Operation Bullpen, walivamia nyumba na maduka katika majimbo kadhaa na kuvunja genge lililokuwa likighushi sahihi za wachezaji na watu mashuhuri. Bidhaa ghushi za thamani ya mamilioni ya dola zilinaswa. Waghushi hao hawakuwa na haya. Walitia hata sahihi ya Mother Teresa juu ya mipira ya besiboli. Mchezaji Tony Gwynn wa San Diego alipata kukuta katika duka la klabu yake mwenyewe vitu vyenye sahihi yake ambayo hakuitia. Mwaka wa 2001 ligi kuu ilianzisha mpango ambao chini yake shahidi husimama na kuona sahihi ikitiwa, kisha hubandika kibandiko chenye nambari. Funzo lililopatikana ni lile lile la wazee wetu: ushahidi wa macho ya mtu mwaminifu unaushinda ushahidi wa wino.

Zaidi ya fedha, yapo maisha ya watu. Mwaka wa 1894 huko Ufaransa, kikaratasi kilichookotwa katika ubalozi wa Ujerumani kilionyesha kwamba afisa fulani wa jeshi alikuwa akiuza siri za nchi. Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alishukiwa kwa sababu mwandiko wake ulifanana na ule. Wataalamu hawakuafikiana. Alphonse Bertillon, mtu aliyesifika kwa elimu ya kuwatambua wahalifu kwa vipimo vya mwili lakini asiyekuwa bingwa wa mwandiko, alidai kwamba hata zile tofauti zilizoonekana ni ujanja wa Dreyfus wa kujighushi mwenyewe. Kwa hoja ya namna hiyo hakuna anayeweza kuokoka: ukifanana una hatia, usipofanana una hatia zaidi. Dreyfus alipelekwa Kisiwa cha Shetani, na hakusafishwa jina hadi mwaka wa 1906, ingawa ilikuwa imejulikana miaka mingi kabla kwamba mwandishi wa kikaratasi kile alikuwa afisa mwingine, Esterhazy.

Turudi basi kwa Jackson, kwani naye kalamu ilimfikisha mahakamani. Mwaka wa 1919 klabu yake, Chicago White Sox, ilishindwa na Cincinnati Reds katika fainali za taifa, mechi tano kwa tatu. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya wachezaji wa Chicago walikuwa wamekula hongo ya wacheza kamari ili washindwe. Jackson alicheza vizuri kwa takwimu, wastani wa .375 katika fainali hizo, lakini mwezi wa Septemba mwaka wa 1920 alikiri mbele ya baraza kuu la uchunguzi mjini Chicago kwamba alipokea dola 5,000. Mwaka wa 1921 mahakama iliwaachilia wachezaji wote walioshtakiwa, na siku iliyofuata mkuu mpya wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia wanane milele.

Kuna kesi nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayonigusa. Mapema mwaka wa 1920 katibu wa klabu, Harry Grabiner, alimfuata Jackson mjini Savannah, jimbo la Georgia, akiwa na mkataba mpya wa miaka mitatu, dola 8,000 kwa mwaka. Mikataba ya siku hizo ilikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kumwachisha mchezaji kwa notisi ya siku kumi tu. Jackson alidai kwamba aliambiwa kifungu hicho hakimo, kwamba Katie hakupewa nafasi ya kuusoma mkataba, na kwamba alitia sahihi kwa kuliamini neno la Grabiner. Grabiner alikanusha. Kifungu kilikuwamo. Klabu ilipomwachisha Jackson, naye akashtaki kudai mshahara wake, kesi hiyo ilisikizwa Milwaukee mwaka wa 1924. Raia walioketi kuamua waliona haki iko upande wake na wakampa zaidi ya dola 16,000. Lakini hakimu aliuweka kando uamuzi huo, akisema kwamba Jackson alikuwa ameapa uongo, kwa kuwa aliyoyasema Milwaukee yalipingana na yale aliyoyasema Chicago mwaka wa 1920.

Mimi sitetei hongo. Aliyepokea dola 5,000 za kamari na kunyamaza alifanya kosa, ajue kusoma asijue. Hata hivyo hebu tuzipime karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni mkataba ule wa mwaka wa 1920. Sahihi iliyo chini yake ni ya Joe mwenyewe, na mtaalamu yeyote angeithibitisha kwa furaha. Lakini maneno yaliyo juu ya sahihi hakuyaandika yeye, hakuweza kuyasoma, na kwa madai yake alidanganywa kuyahusu. Karatasi ya pili ni barua yoyote aliyoiandika Katie kwa niaba yake, kuuliza habari za fedha zake au kujibu tuhuma. Sahihi iliyo chini yake si ya Joe. Mtaalamu ataikataa, na mnadani itashuka bei. Lakini maneno yake ndiyo mawazo ya Joe, yaliyotoka kinywani mwake na kupita katika mkono wa mtu aliyempenda. Basi ipi kati ya karatasi hizi mbili ni ya Joe Jackson kwa kweli?

Soko linajibu haraka kwamba ni ya kwanza. Mimi nasema soko limekijibu kidole, halikumjibu mtu.

Pengine nalisema hili kwa ukali kwa sababu ninaijua kazi ya Katie. Nilipokuwa mvulana wa shule kijijini, nyanya mmoja jirani yetu alikuwa akiniita jioni nimwandikie mwanawe aliyefanya kazi mbali. Alikaa juu ya kigoda, akafumba macho, akaanza kunena. "Mjukuu wangu, andika kama nisemavyo, usitie lako," aliniambia kila mara. Nilipomaliza alinitaka nimsomee barua yote, na palipokuwa na neno nililolitengeneza ili lipendeze, alilikamata mara moja na kuniamuru nilifute. Lau mtaalamu wa mwandiko angeletewa barua zile leo, angesema bila kusita kwamba niliziandika mimi, na angekuwa amesema kweli. Lakini mwanawe yule mama alipozisoma hakunisikia mimi. Alimsikia mamaye.

Katika nchi yetu wangalipo wazee wanaobonyeza kidole gumba kwenye wino badala ya kutia sahihi. Alama ya kidole haighushiki kwa urahisi kama jina, nasi hujivunia kwamba imetatua swali la nani aliyekuwapo. Naam, imetatua. Lakini haikutatua swali la je, alielewa. Kidole cha kweli chaweza kuwa chini ya maneno ya uongo, kama sahihi ya kweli ya Jackson ilivyokuwa chini ya kifungu alichodai kufichwa. Wakili, karani au mnunuzi wa shamba anayekimbilia kidole kabla ya kumsomea mzee hati neno kwa neno, mbele ya mtu wa nyumbani mwake, anatafuta alama tu. Ridhaa haitafuti.

Jackson alifariki mwezi wa Desemba mwaka wa 1951. Hata maelezo yake marefu ya kujitetea, yaliyochapishwa katika jarida la Sport mwaka wa 1949, alimsimulia mwandishi wa habari Furman Bisher, naye akayaandika. Kalamu ya mwingine kwa mara nyingine tena. Aliacha wosia wenye sahihi yake. Katie alifariki mwaka wa 1959, akiwa ameacha mali yake kwa mashirika mawili ya hisani, moja la maradhi ya moyo na jingine la saratani. Miaka mingi baadaye, sahihi ya Joe ilipokwisha kuwa dhahabu, mashirika hayo yalikwenda mahakamani yakidai yapewe ule wosia wa Joe, karatasi yenyewe, ili yaiuze. Mwaka wa 1997 Mahakama Kuu ya South Carolina ilikataa, ikashikilia kwamba wosia uliowasilishwa ni kumbukumbu ya umma na sharti ubaki mahali pake. Nauunga mkono uamuzi huo. Wosia uliandikwa ili utimizwe, na ulipotimizwa ukawa ushahidi wa wote. Tena, kwa wale wanaotaka kuujua mkono wa Joe, karatasi iliyotulia ofisini ina manufaa kuliko iliyofungiwa katika sefu ya tajiri.

Bei hazikutulia. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021 picha ya Jackson iliyopigwa mwaka wa 1911 huko Alexandria, Louisiana, ikiwa na sahihi iliyothibitishwa kuwa yake, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Linganisha na dola 8,000 alizoahidiwa kwa mwaka mzima wa jasho. Na mwezi wa Mei mwaka wa 2025 mkuu wa besiboli, Rob Manfred, aliamua kwamba marufuku ya milele hukoma mtu anapofariki, na hivyo jina la Jackson likaondolewa katika orodha ya waliofungiwa, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake.

Sasa naomba haki nyingine itendeke, ndogo lakini ya maana. Barua na sahihi za mkono wa Katie zisiitwe "si halisi", kana kwamba ni uchafu uliochujwa. Mghushi hujifanya mtu mwingine ili aibe. Katie aliandika jina la mumewe kwa idhini ya mumewe, ndani ya nyumba yao, kwa miaka zaidi ya 40. Tofauti ya hao wawili ni kama tofauti ya mwizi na mlinzi ambao wote wameonekana na ufunguo. Wataalamu wakiisha kuutambua mkono wake, na waandike hivyo katika orodha zao kwa jina lake: imeandikwa na Katie Jackson, kwa kauli ya Joe. Bei ikishuka na ishuke. Ukweli utakuwa umepanda.

Nasi tulio na masanduku ya barua za zamani tufanye vivyo hivyo wakati wangalipo wanaokumbuka. Tuwaulize wazee wetu: hii uliiandika mwenyewe, au ulimwambia nani akuandikie? Kisha tuandike jibu kwa penseli nyuma ya karatasi, pamoja na mwaka. Mtaalamu wa kesho ataweza kuutambua mkono kwa darubini yake. Lakini mdomo uliosema, na masikio yaliyosikiliza kwa uaminifu, hayo hakuna darubini itakayoyaona.